Wajina wa Yonazi

1

Yonazi wa miguu minne alikuwa amevaa kofia.

Nilisimama mlangoni na kikapu changu cha vipimo, nikamtazama. Naye akanitazama, anatafuna zake. Kofia ya sufi nyekundu, imefumwa kwa ustadi, masikio yametokea kwenye matundu mawili, kamba imefungwa chini ya kidevu. Baridi ya Kwesine naijua, nimezaliwa ndani yake. Mwezi wa saba ukungu wa milima hii unaingia mpaka chini ya blanketi. Lakini sungura ana manyoya yake. Katika maisha yangu yote ya udaktari wa mifugo sijawahi kuletewa sungura aliyekufa kwa kukosa kofia.

"Nani kamfumia?"

"Mimi, wifi," akajibu Stamili, mke wa mdogo wangu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, tumbo la ujauzito ndiyo kwanza limeanza kuonekana, sindano za kufumia bado ziko mkononi. "Nilimwona anatetemeka, nikasema nimstiri."

"Umstiri na nini?"

Akainamia uzi wake.

Kwa asiyejua mambo ya kwetu nieleze kidogo, halafu tuendelee. Yonazi mwenye miguu miwili ni mdogo wangu wa kunifuata, seremala, mtu wa maneno mengi. Alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa unaozikunja chembe za damu zikawa na umbo la mundu, zikakwama kwenye mishipa, mtu akalia mifupa mpaka sauti ikamkauka. Zamani dawa ilitoka ng'ambo. Ilipoacha kutoka ng'ambo, maabara ya pwani ilichukua uboho wa kila mgonjwa, ikatoa humo kipande kidogo cha asili yake, ikakirekebisha, ikakipandikiza kwenye yai la sungura. Akizaliwa jike, akikua na kuzaa, maziwa yake yanakuwa dawa ya mtu mmoja tu, yule mwenye uboho ule. Ni matone machache chini ya ulimi kila asubuhi, tena mabichi, maana ukiyachemsha dawa inakufa. Mwingine akiyanywa ni maziwa tu.

Maabara waliwapa sungura namba. Sisi tukawapa majina ya wenye dawa, ndipo tukaanza kuwaita wajina. Sungura wa Yonazi akaitwa Yonazi, na ukicheka kwamba ni jike unacheka peke yako, sisi tumeshazoea. Wenyewe wanawakamua. Kazi yangu ni kupita nyumba hadi nyumba kila mwezi kupima maziwa, kutazama afya, na kuleta dume wakati wa kupandisha ukifika.

Kamba ya kofia ilifungwa fundo la ubahili. Nilihangaika nalo mpaka likalegea.

Katikati ya masikio palikuwa na pembe. Nyeusi, kavu, ngumu, imepinda kidogo mbele, na msumeno ulishaipitia juu ikabaki kisiki. Pembeni yake zilikuwa zinachomoza nyingine mbili. Chini ya jicho la kushoto palivimba uvimbe mwekundu usio na manyoya, umepasuka, unatoa majimaji. Nilipougusa sungura alirudi nyuma mpaka ukutani.

Kirusi hicho si kigeni vitabuni. Sungura wa porini wakikipata wanaota chunjua kavu kama pembe, wengine wanaishi nazo, wengine zinadondoka zenyewe. Wa kufugwa hawana bahati hiyo. Kwao chunjua inazama ndani, inageuka saratani ya ngozi, inashuka kwenye mapafu. Kinabebwa na mbu na viroboto, kinapita kwenye kila mkwaruzo. Na hawa wetu, wenye kipande cha mtu ndani yao, hakuna aliyejua kitawafanya nini. Ndiyo maana Idara ya Wajina ilitunga sheria fupi ambayo hata watoto wanaijua: pembe moja, mlima mzima unasafishwa. Kusafishwa maana yake kuua sungura wote, wazima kwa wagonjwa.

Yonazi aliingia kutoka karakana, vumbi la mbao limemkaa kwenye nyusi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hii nini?"

Akaitazama pembe kama ndiyo kwanza anaiona. "Sugu."

"Sugu ya kipaji? Kwani anaswali?"

Stamili alicheka kidogo, kisha akaacha. Yonazi hakucheka. "Nina msumeno mwembamba," akasema. "Naikata asubuhi, jioni huoni kitu. Inaota tena, ila inachelewa."

"Na maziwa yake unaendelea kuyanywa."

"Ulitaka ninywe nini, dada?"

Hapo alinishika. Nimekua na mtoto huyu. Nimemwona mama akizunguka naye uani amembeba mgongoni, mtoto mkubwa miguu inaburuta, kwa sababu akimweka chini analia zaidi. Tangu apate wajina wake hajalazwa hata mara moja. Alijifunza kazi, akajenga, akaoa.

"Na huyu je?" akauliza Stamili, mkono tumboni. Walishapimwa: mtoto anayekuja naye ana selimundu, na wajina wake alishaandaliwa maabara, anasubiri mtoto azaliwe aletwe. "Mlima ukisafishwa, wifi, watamleta wapi?"

Nikawaambia wanipe nafasi nifikiri. Nikakamua maziwa kidogo kwenye kichupa changu. Kisha nikamfunga sungura kofia yake tena, na mpaka leo sijui kwa nini nilimfunga.

2

Kwa Mama Hiza kofia ilikuwa ya kijani. Kwa Mzee Ngoda, anayemlea mjukuu wake wa kike, ilikuwa ya bluu yenye kishada juu. Nyumba ya tatu, kofia. Ya nne, kofia. Stamili alikuwa amefumia mlima mzima.

Kila nilipoingia nilikaribishwa chai kwa pupa, nikasifiwa kitenge changu, na mtu akasimama kati yangu na kizimba. Kumbe walijua wote. Mimi ninayelipwa nijue ndiye niliyekuwa sijui. Nilipandwa na hasira.

"Daktari, usifungue," Mama Hiza aliniambia. Hiza, mwanawe, alikuwa chini ya meza anapanga visoda. Mtoto mdogo, mashavu yamejaa, hajui hata jina la ugonjwa wake.

"Nitafungua, Mama Hiza."

"Ukifungua utakuwa umeona. Ukiacha hujaona, na mimi sijakuambia."

Nikafungua. Akageuka akatazama dirishani.

Nilirudi nyumbani moja kwa moja kwenye banda la dume. Mlima wetu una dume mmoja wa zamu, tumempa jina la Bwana Harusi. Mimi ndiye ninayembeba mgongoni kwenye tenga, mlango hadi mlango, na wanawake wanampigia vigelegele vya masihara akiwasili. Nilimlaza chali. Chini ya tumbo, mahali ambapo mtu hatazami kama hana sababu, palijaa chunjua ndogo ndogo za kijivu. Nilikaa chini kwenye mavi ya sungura nikamshika hivyo hivyo. Kirusi kilikuwa kimezungushwa mlima mzima kwa miguu yangu, tena kwa vigelegele.

Zamu iliyofuata ya Bwana Harusi ilikuwa ng'ambo ya bonde. Kule kuna wagonjwa wengi kuliko kwetu, karibu wote watoto.

Nilimuua dume jioni ile ile. Nilijidanganya kwamba pengine inatosha: dume amekufa, nikate kila pembe, nipulize viroboto, ninyamaze. Halafu nikaweka matone ya maziwa ya Yonazi kwenye kipimo. Kipimo changu ni kidude cha mkononi, unadondosha tone, kinakusomea dawa iko kiasi gani na kama kuna uchafu. Dawa ilikuwepo, kamili, nzuri. Na kirusi kilikuwepo. Tone moja, vyote viwili.

Asubuhi nikamfuata karakana. Alikuwa anapiga randa mlango wa mtu.

"Kimo kwenye maziwa," nikamwambia.

Randa haikusimama. "Kitanifanya nini?"

"Sijui."

"Nani anajua?"

"Hakuna. Sungura wako ana kipande chako ndani yake, Yona. Kirusi kimekaa humo kinajifunza. Kinaweza kukuzoea."

"Kinaweza." Akapuliza vumbi kwenye mbao. "Mimi maumivu nayajua, dada. Nimeyajua kabla sijajua kuongea. Sasa wewe unaniletea kitu usichokijua, unataka nikiogope zaidi ya ninachokijua."

"Na Hiza? Na watoto wa ng'ambo ya bonde?"

"Hao usiniletee humu ndani." Hapo ndipo randa iliposimama. Alisema kwa upole, na afadhali angenitukana. "Ungepita tu. Ungesema sungura kapendeza, ukapita."

Nikatoka. Nilifika kwenye njia panda ya shule, mahali ambapo simu inashika vizuri, nikaketi kwenye jiwe nikalia kwa sauti, mtu mzima mimi, watoto wa shule wananipita. Kisha nikaipigia Idara.

3

Walikuja wamevaa mavazi meupe ya kuziba mpaka macho. Mkubwa wao alikuwa Daktari Mauya, mtu wa pwani, mwembamba, baridi yetu ilimvamia tangu alipokanyaga. Aliniamkia kwa heshima mbele za watu, akasema nimefanya jambo gumu. Nikamwomba asinisifie hadharani, maana yeye ataondoka na mimi nitabaki.

Walihitaji masanduku yasiyopitisha hewa, ya kuwaingizia sungura moshi wa usingizi, ule unaoua bila maumivu. Yao ya plastiki yalipasukia njiani kwenye makorongo. Wakauliza kama kijijini kuna seremala.

Nilidhani Yonazi atawatimua na patasi. Badala yake aliuliza vipimo. Akachukua mbao za mkulo alizokuwa ameziweka kwa ajili ya kitanda cha mtoto, mbao zenye harufu nzuri, akaziunga bila msumari hata mmoja unaoonekana, akaziba viungo kwa nta. Nilimkuta anapiga msasa ndani ya sanduku.

"Ndani unapiga msasa wa nini?"

"Wajina wangu hatakufa kwenye plastiki," akasema, "wala hatachomwa na kibanzi."

Watu walikusanyika uwanja wa shule, kila mmoja na wake kifuani, kofia zimevuliwa. Ndipo nilipoona ukubwa wa jambo lenyewe. Sungura mwingine pembe zilimzunguka mdomo hawezi tena kutafuna. Mwingine kope zimefungwa na uvimbe. Tulikuwa tunakunywa kutoka kwa hawa.

Mama Hiza alinipita bila salamu, kisha akarudi hatua mbili. "Mwanangu akianza kulia mifupa nitamleta kwako," akasema. "Utambembeleza wewe." Nikasema sawa.

Kabla ya kumweka sungura sandukuni, kila mwenye dawa alipewa jani la kabichi. Akaling'ata, akalitafuna kidogo, akalisogeza mbele ya midomo, na sungura akalichukua hapo hapo, mdomo kwa mdomo. Hiza naye alifanya, mama yake akimshikia sungura. Daktari Mauya alikuwa amesimama karibu yangu anajipulizia vidole.

"Wanafanya nini?"

"Wanawaaga."

"Kwa mdomo namna hiyo?"

"Ndivyo wanavyowalisha tonge la kwanza kila asubuhi, tangu walipoletwa."

Maabara ilituambia zamani kwamba jike atatoa maziwa vizuri akimzoea mwenye dawa. Walimaanisha mtu akae naye, amshike, amsemeshe. Sisi tukachanganya na yetu. Kwetu mtoto mchanga anatafuniwa na mama yake, na mtu unayechangia naye jina huwezi kula kabla hajala. Hakuna aliyeona ubaya. Mimi niliona kila siku, nikaona ni mapenzi tu.

Daktari Mauya aliivua barakoa yake, akajipangusa uso. "Basi kinapita pande zote mbili," akasema polepole. "Kutoka kwenye maziwa kuja kwao, na kutoka kwao kurudi kwa sungura." Akanitazama kama aliyesahau mimi ni mwenyeji. "Hapa hatujamaliza, Daktari Tabia. Huenda ndiyo kwanza tunaanza."

Yonazi alikuwa wa mwisho. Alimlisha wajina wake, akamlaza mwenyewe ndani ya sanduku, akafunika. Akaweka kiganja juu ya kifuniko. Waliopuliza moshi walimwambia asogee, hakusogea. Alisubiri mpaka alipohisi kumetulia, ndipo akaondoa mkono, akaenda nyumbani peke yake. Mimi nilibaki kuchimba shimo.

4

Maumivu yalirudi na mvua za vuli.

Kilichobaki hospitali ya wilaya kilikuwa maji ya dripu na vidonge vya kutuliza visivyotuliza. Mjukuu wa Mzee Ngoda alilazwa, kifua kikambana, akafa kabla babu yake hajarudi na uji. Hiza alilazwa akatoka, akalazwa tena akatoka. Mashavu yake yaliisha. Mama yake hakuniletea nimbembeleze. Alikuwa akiniona njiani anabadilisha upande.

Kwa Yonazi yalianza mgongoni, yakashuka miguuni. Mtu akishikwa hivyo hawezi kukaa peke yake. Hawezi kujinyweshea maji, na miguu inataka kushikwa, ikandwe kwa kitambaa cha moto, isiachiwe. Tulikuwa tunapokezana, mimi na Stamili, yeye na tumbo lake lililokwisha kuwa kubwa. Yonazi alikuwa akiuma kipande cha mbao asipige kelele. Yakipita, analala kama gunia, kisha anaamka anaomba radhi. "Nimewasumbua," anasema. Nilikuwa natamani anilaumu nipumue. Alikuwa hanilaumu. Alikuwa ameacha pia kuongea ovyo, yeye mtu wa maneno mengi, na anakula mkono umeziba mdomo. Nikadhani ni maumivu.

Kisha habari njema ikaja. Maabara ilikuwa imehifadhi kipande cha uboho wa kila mtu. Wajina wapya walishazaliwa, wa kila mgonjwa aliyebaki mlimani, na wa mtoto wa Stamili akiwemo. Watu waliombeana dua barabarani. Hata mimi nilisalimiwa.

Daktari Mauya alikuja mwenyewe, na nilipomwona usoni nikajua habari njema ina mkia. Kwenye mlima mwingine walikuwa wamekuta chunjua chini ya ndimi za watu. Kwa mtu inakwenda taratibu, alisema. Ukiikata inarudi, lakini huenda isimuue hata miaka ishirini. Tatizo si hilo. Mwenye nayo akimgusa sungura wake, akamkamua, akampumulia, pembe zitaota upya, na kutoka kwa huyo mlima mzima tena. Kwa hiyo mwenye chunjua hapewi wajina.

"Hapewi mpaka lini?" nikauliza.

"Hapewi, Daktari."

Akaomba mimi ndiye nitazame midomo. Watu wake walijaribu kule kwingine, wagonjwa wakakataa kufungua. Hapa watanifungulia mimi, hata wakinichukia, kwa kuwa wanaijua mikono yangu.

Tukakaa kwenye darasa la mwisho la shule, mimi na taa yangu ya kichwani. Waliingia mmoja mmoja. Hiza alifungua mdomo wote mpaka nikaona kilimi, akasema "aaa" bila kuambiwa. Hakuwa na kitu. Nikasema, "Safi." Mama yake alipiga magoti pale pale sakafuni akanishika mkono, akaubana kwenye shavu lake. Nilianza kupata matumaini. Safi, safi, mmoja hatukuwa na hakika naye tukamrudia, safi.

Yonazi aliingia na Stamili. Alikaa kwenye dawati dogo la watoto, magoti yamemfika kidevuni.

"Fungua."

Akanitazama kwanza. Kisha akafungua, akainua ulimi.

Kulikuwa na kichunjua kidogo, cheupe, kimejigawa juu kama vidole vya mtoto. Kimejibanza pale pale matone yalipokuwa yanadondoka kila asubuhi. Alikuwa anakijua. Ndiyo maana ya ule mkono mdomoni.

"Vipi?" Daktari Mauya aliuliza kutoka mlangoni. Kutoka pale hakuwa anaona kitu.

Nilikuwa na uwezo wa kusema safi. Nasema wazi, nilitaka kusema safi. Angepewa sungura wake, angelala usingizi mwezi, miezi, angemwona mwanawe anakaa kitako. Na sungura wake angeota pembe, na viroboto hawana mipaka, na Hiza anakaa nyumba inayofuata. Niliyafikiri yote hayo ulimi ukiwa bado juu. Nilitafuta machoni mwa Yonazi aniambie niseme nini. Hakuniambia. Aliniachia.

"Anacho," nikasema.

Alifunga mdomo. Stamili alitoa sauti ndogo, akakaa chini kwenye dawati la pili. Daktari Mauya aliingia akachuchumaa mbele yao, na namshukuru kwamba hakuzungumza kiofisi. Akasema mtoto haki yake iko palepale, ila mama lazima atazamwe naye, kwa kuwa ndiye atakayemnyonyesha na kumkamua sungura. Nikamtazama Stamili. Nilitazama mara tatu, mpaka akaanza kuudhika. Alikuwa safi.

"Basi mtoto atapata," akasema Yonazi. Lilikuwa neno lake la kwanza.

"Atapata," Daktari Mauya akajibu. "Lakini kuna sharti." Mwenye chunjua hawezi kulala chini ya paa moja na wajina. Wala na mtu yeyote anayewagusa. Si kwa muda. Alirudia mara mbili ili aeleweke.

Yonazi alitikisa kichwa kukubali, taratibu. Akasema nyumba ni ya mtoto, Stamili abaki humo. Akasema karakana atawaachia mlango wa uani waingize kizimba, kuna jua la asubuhi. Alikuwa anapanga kama mtu anayepima mbao. Stamili alikuwa analia, naye akamwambia asilie, siyo mbali, ni pale kwa dada.

Akanigeukia. Uso wake ulikuwa umelegea, karibu atabasamu. "Nitahamia kwako, dada. Chumba cha mama si kipo?"

Daktari Mauya aliangalia sakafu.

Mimi ndiye ninayegusa sungura wote wa mlima huu. Nitakayewapokea hao wapya, nitakayewapima, nitakayembeba dume mpya mlango hadi mlango. Idara haina mwingine anayekubali kuishi huku juu. Waliwahi kuwaleta wawili, wote walikimbia baridi.

"Haiwezekani, Yona," nikasema.

"Kwa nini?"

Aliuliza kweli, bila lawama, kama hajui. Nikamweleza. Nilianza na Hiza, nikaja kwa mtoto wake mwenyewe, nikamweleza mikono yangu inapita wapi tangu kunapokucha. Aliitikia kwa kichwa kila nilipotua, kama anavyomsikiliza mteja anayeeleza kabati analotaka. Sikuruka kitu.

"Sasa nikishikwa," akauliza, "nani atanishika miguu?"